Betri Iliyolala Uani kwa Mwali

Enzi zetu gari halikuwashwa, liliombwa. Ninyi mliocheza gololi na kombolela kwenye vichochoro vya Kariakoo, wakati bendera ya Mwingereza ingali inapepea kule Uzunguni, mnajua ninachosema. Nasema "mliocheza" kwa sababu mimi sikucheza sana. Wenzangu waliijua Dar es Salaam mpaka Magogoni na kurudi. Mimi niliijua kuanzia mlango wa mbele mpaka shimo la taka nyuma ya jiko, na hata huko nilikwenda kwa kutumwa. Bibi, mama yake Baba, alikuwa akisema, "Mtoto huyu akipotea, mtafuteni chini ya kitanda." Sijabadilika. Hadi leo mke wangu akifagia hunisogeza pamoja na viti.

Lakini ukaaji huo wa ndani ndio ulionipa kuona ajabu ambayo wenzangu waliisikia tu kwa watu.

Baba alikuwa amenunua motokaa kuukuu kwa Mzungu mmoja wa mkonge aliyekuwa anarudi kwao. Ilikuwa na paa la turubai, taa mbili kama macho ya bundi, na honi iliyolia kama mbuzi aliyebanwa mlangoni. Baba alibebea abiria na nazi kutoka Pugu. Mtaa wetu haukuwa na nyingine. Watoto waliizunguka waivute harufu ya petroli na turubai lililopigwa jua. Mimi niliivuta harufu ile ile, ila kupitia dirishani, nikiwa nimekaa na kipande changu cha muhogo wa kuchoma.

Kilichonishangaza mimi si magurudumu. Ni betri. Kisanduku cheusi, kizito, chenye pembe mbili za risasi, na ndani yake, alisema Baba, umelala umeme. Kumbukeni nyumba zetu wakati huo: kibatari chumbani, karabai siku ya maulidi, na masizi puani asubuhi. Siku moja fundi wa Baba, Ramji, kijana wa Kihindi mwenye karakana upande wa mjini, alikaa barazani kwetu, akachukua globu ndogo yenye nyaya mbili, akazigusisha kwenye zile pembe. Globu ikawaka. Bila kiberiti, bila mafuta, bila moshi! Nywele zilinisimama. Nilikuwa nimehifadhi sura kadhaa chuoni, nikazisoma zote.

"Mtoto wako anaogopa, Bwana Shomari," Ramji akacheka.

"Huyo huogopa hata kuku," alisema Baba. Kweli, kuku yule alikuwa na tabia mbaya.

Sasa, betri ile ikaanza kufa. Usiku imelala nzima, asubuhi maiti. Na gari letu cheche zake zilitoka kwenye betri. Ikiwa imebaki na pumzi kidogo, ungeweza kuzungusha hendeli ya mbele, au kuita majirani wasukume, likakohoa likaenda. Ikiwa imekufa kabisa, zungusha mpaka bega lichomoke, ni kazi bure. Kila asubuhi mtaa wetu ukawa na wasukumaji: muuza kahawa anaweka chini dele lake, wachukuzi wa sokoni wanatua mizigo, "Harambee!" mpaka kona ya kwanza. Mimi nilisaidia kwa kuhesabu waliokuja.

Lingekuwa jambo la kuchekwa tu, kama si Shangazi Mwanaidi.

Shangazi, dada yake Baba wa mwisho, alikuwa anaolewa mtaa wa Gerezani. Baba alikuwa ametangaza barazani, mbele ya watu wazima na akili zao, kwamba dada yake hatatoka kwake kwa miguu wala kwa rikisho la kukokotwa na mtu: atapelekwa kwa mume kwa motokaa, bibi harusi wa kwanza mtaani kwetu. Habari ikavuka mitaa, ikawafikia mawifi. Na wale mawifi, Mungu awarehemu, walikuwa na ndimi za kukatia kachumbari. Walipopata habari ya kusukuma, wakatunga wimbo wakaja kuuimba nje ya dirisha letu wakijifanya wanapita njia tu:

"Gari lenu la mbeleko, haliendi pasi kubebwa!"

Shangazi alikuwa mwali, amewekwa ndani, anasuguliwa msio na liwa, hatoki hata kwenye baraza. Alisikia kila neno. Mtu wa nje anaweza kujibu au kuondoka. Yeye alikaa tu kwenye mkeka uani, harufu ya asumini ikimtoka, akanitazama mimi niliyekuwa mwenzake wa kukaa ndani. "Mwanangu," akaniambia, "neno la wifi la siku ya harusi linazeeka na wewe. Gari likikataa siku ile, nitaitwa Mbeleko mpaka nazikwa."

Baba akamwita Ramji. Ramji akaja na kujiamini kote. Kwanza akawasha injini, akatazama kimshale kwenye dashibodi: dainamo inaitia betri umeme sawasawa. Basi betri imezeeka, akasema; akatuazima ya kwake, nzima, akaifunga. Asubuhi na ile imekufa. Akageuza kauli: basi gari linavuja umeme mahali. Akafungua waya, akaikagua yote kama mtu anayetafuta chawa, akaweka ile globu yake njiani kati ya betri na gari. Kama kuna kinachokunywa umeme huku kila kitu kimezimwa, alisema, globu itawaka japo kidogo. Haikuwaka hata kidogo.

"Acha betri ndani ya gari leo, tuone," Ramji akashauri.

Maana, niseme, Baba alikuwa na desturi. Kila jioni aliifungua betri akaiingiza ndani, akaiweka juu ya kigoda uani, pamoja na masinia na mabuli ya shaba. "Betri ni roho ya gari," akamjibu. "Umeona wapi mtu analala ndani, roho yake barabarani?"

Ramji akaganda. "Kwa hiyo usiku haijafungwa popote?"

"Popote. Imekaa peke yake."

"Na inakwisha?"

"Inakwisha."

Nilimwona fundi yule akiitazama betri kwa macho niliyokuwa nayo mimi siku ya globu. Kitu kisichoguswa na waya wowote, katika nyumba iliyofungwa komeo, kinamwaga nguvu zake zote kabla ya alfajiri. Umeme huo unakwenda wapi? Nani anaunywa? Barazani majibu yalikuwa tele. Mmoja alisema ni husuda. Mwingine akasema Mzungu yule aliliuza gari lakini hakuuza umeme, kwa hiyo kila usiku unamfuata kwao. Mimi niliacha kwenda msalani gizani. Na ndugu zangu, kwa mtu wa tabia yangu ya kunywa uji mwingi, huo ulikuwa mtihani.

Ramji angekuja kuitazama pale inapolala, mambo yangeisha mapema. Lakini uani alikuwapo mwali, na mwanamume wa nje hapiti. Yeye aliishia barazani, Baba akamtolea betri nje, imefutwa, inang'aa. "Angalau unaitunza," Ramji alikuwa akisema. Baba akapokea sifa, hata asijiulize anayeitunza ni nani.

Zikabaki siku mbili. Ramji alikuwa barazani ameshika kichwa, Bibi akatoka na kanga mkononi, amefura. "Shomari, nyumba hii ina nondo gani? Doti mpya ya mwali, tazama!" Akaikunjua. Ilikuwa na matundu pembeni, matundu madogo madogo, kama mtu ameipiga risasi za mchanga.

Ramji akanyanyuka. Akaishika ncha ya kanga, akaisugua, ikapukutika vidoleni. "Bibi, huyu si nondo. Hii ni asidi. Nani anafuta betri kwa kanga hii?"

Kutoka nyuma ya pazia la mlango wa kati, sauti ya mtu ambaye hakutakiwa kuzungumza na mwanamume yeyote mpaka aolewe:

"Mimi."

"Mwanaidi!" Bibi akashika kinywa.

"Niache, Mama. Ni mimi. Kila jioni naisugua kwa ukwaju, majivu na chumvi kidogo, kama masinia. Naiacha na ukwaju wake ilale, alfajiri naisuuza kwa maji ya kisima naifuta. Na nikisikia Kaka anasema ina kiu, nafungua vifuniko nainywesha. Hayo hayo ya kisima." Sauti ikapungua. "Si ndiyo itakayonipeleka? Nilitaka ipendeze."

Kisima chetu, mnakikumbuka, mchuzi wake ulikuwa hauhitaji chumvi.

Nilidhani Ramji atacheka. Hakucheka. Akasogea karibu na pazia, akainamisha kichwa kana kwamba anazungumza na mgonjwa. "Dada, betri si sinia. Ukwaju wenye maji na chumvi, umeupaka kutoka pembe hii mpaka pembe ile, umejenga daraja. Umeme unatembea juu kwa juu usiku kucha. Na yale maji ya chumvi yanaila ndani. Nimelichana gari zima kutafuta mwizi, kumbe yuko mwali anaisafisha."

"Na ile ya kwako uliyotuazima?"

"Hiyo nayo uliisugua?"

"Mgeni nitamwachaje mchafu?"

Hapo hata Bibi alicheka, mpaka akakaa chini. Baba peke yake ndiye hakucheka. Alikuwa anatazama vidole vya miguu yake.

"Itapona?" Shangazi akauliza. Hakuna aliyecheka tena.

"Hii yenu imeliwa sana, Dada, sikudanganyi. Tujaribu." Akamwambia alete magadi, yale ya kupikia maharage, afunge vifuniko vizuri, asugue juu tu. Na mimi, kule uani, nikaona kwa macho yangu: magadi yalipogusa betri, ikatoa povu, ikachemka, ikafoka bila moto chini yake. Wanawake wa nyumba nzima wakarudi nyuma hatua moja, pamoja na mimi niliyekuwa mbele yao kwa bahati mbaya. Shangazi hakurudi. Aliendelea kusugua kwa vidole vilivyopakwa hina, machozi yakimdondoka karibu na povu.

Ramji akaichukua kwake, akamwaga maji mabaya, akatia asidi mpya na maji yanayofaa, ikashinda ikinyonya umeme kutwa. Jioni ikarudi, ikalala kwenye kigoda kile kile. Asubuhi ya harusi, Baba akagusisha globu. Uani mzima ulikusanyika. Ikawaka nyeupe, tuli, kama nyota iliyoingia ndani kwa ruhusa. Hakuna aliyesema kitu.

Alasiri mawifi wakaja na vigelegele vyao na wimbo wao. Shangazi akatolewa amefunikwa, akapandishwa. Desturi yetu mwali analia anapotoka kwao. Asipolia, watu husema amechoka kukaa. Somo yake, mama mtu mzima aliyemfunda, akamfinya. Akamfinya tena. Shangazi jicho kavu.

"Lia, mwanangu, watu wanatazama!"

"Nyamazeni kwanza," akasema chini ya ushungi. "Nisikie."

Mtaa mzima ukanyamaza. Dele la kahawa likanyamaza, soko likanyamaza, mawifi, wallahi, wakanyamaza. Baba akakanyaga kitufe cha kuwashia. Injini ikavuta pumzi, ikakohoa mara moja, ikanguruma. Hakuna mkono wa mtu uliogusa gari lile kwa nyuma.

Ndipo akalia. Alilia mpaka gari lilipokata kona.

Leo mjukuu wangu anazungusha ufunguo huku anasimulia mpira, gari linawaka, wala hageuzi shingo. Siku likikataa analipiga teke, analiita mkweche, anatafuta wa kulaumu. Namwambia, shuka kwanza, bwana, tulia usikilize. "Nisikilize nini, Babu?" Nami namna ya kumweleza sina, nimekaa kwenye kiti changu pale pale. Sisi tulikuwa na motokaa moja mtaa mzima, na ilipowaka tulikosa la kusema. Wao wana magari mpaka hayana pa kusimama, na sijamwona bado hata mmoja akinyamaza.