Miwani Bila Mkanda

Muuza miwani ya kuogelea, ambaye duka lake linatazamana na cherehani yangu, hamruhusu mteja avute mkanda kwanza. "Ibandike machoni tu, dada, halafu uachie." Ikidondoka, huidaka bila hata kuitazama na kuirudisha kabatini. Ikinata, hupitisha kidole kidogo kuzunguka ukingo wa mpira, taratibu, kama anayetafuta ufa. Wanaoogelea ndani ya jengo, kusiko na jua, wakiomba vioo vyeusi vya kung'aa, huwapa vyeupe, wanune wasinune. "Unataka kuona ukuta, au unataka ukuta ukuone?" Mwisho huizamisha miwani kwenye beseni la bluu lililo chini ya meza, akaifuta kwa pindo la shati.

Nilidhani beseni lile ni la kazi tu. Juzi mvua ilifukuza wateja, nikavuka na mwavuli kwenda kuazima mkasi wake, wangu ukiwa butu, nikamkuta amepiga magoti, miwani machoni, uso wote majini, mikono imeng'ang'ania beseni. Akainuka ghafla akihema, maji yakimchuruzika shingoni. Ndani ya vioo, hata tone halikuingia.

"Haivuji," nikasema.

"Hiyo naijua, jirani. Tatizo ni mimi. Jana nilihesabu hadi saba, leo kumi na moja. Binti yangu kasema nikifika thelathini, atanishika mkono tuingie bwawani."

Akavuta pumzi, akainama tena. Nikauweka mwavuli chini, nikaanza kumhesabia kwa sauti.