Kiti cha Salamu

Zamani mtu aliyekuletea habari ya hatari alikujulia hali kwanza ndipo akaitoa, siku hizi chuma kinakurushia tarakimu usoni bila hata hujambo, na tunaambiwa tushukuru.

Kinyota aliziishi nyakati zote mbili. Jina hilo alipewa na wenzake wa ofisi ya maji kwa sababu ya alama ya nyota aliyoipanda kila mahali katika programu zake. Hakusomea kazi hiyo darasani. Aliajiriwa kupiga taipu, taipureta zikatupwa stoo, naye akajifundisha kompyuta kwa vitabu vya kuazima, ulimi nje kama mtoto anayejifunza kuandika.

Kilichomteka ni ruwaza, yaani maneno na alama chache inazopewa mashine ili itafute kitu ndani ya maandishi. Nukta maana yake herufi yoyote. Nyota maana yake irudiwe mara zozote, hata kama hakuna. Ukiandika maji, ukatia nukta na nyota, ukamalizia na nyekundu, umeiambia mashine: nitafutie maji, kisha chochote kile, kisha nyekundu.

"Sentensi zote duniani zenye maji na nyekundu," alimwambia mkewe, "zimeenea kiganjani."

"Na masufuria yangu yangeenea hivyo kabatini," mkewe akajibu, "ningekuita profesa."

Ruwaza hiyo haikuwa mchezo. Juu mtoni, kwenye lango la bwawa, waliishi mume na mke, Mzee wa Lango na Mama Lango. Mzee alisoma kina cha maji kwenye nguzo yenye alama za rangi, na mkewe, ambaye macho yake ya karibu yalikuwa bado mazima, aliandika ujumbe kwa simu. Maji yakifika alama nyekundu, ruwaza iliunasa ujumbe ule na king'ora kikalia bondeni, ambako watu walikuwa wamejenga hadi ukingoni mwa mto. Dada yake Kinyota na wanawe walikuwa miongoni mwao. King'ora kikikaa kimya, wangezolewa wakiwa mezani.

Naye Mama Lango hakujua kuandika ujumbe usio na salamu. "Hujambo mwanetu? Mama watoto hajambo? Sisi wazima, ila goti linamsumbua mzee na hataki kusema." Kisha ndipo maji. Kinyota alijibu kila mara: "Shikamoo mama. Mwambie mzee goti halina siri."

Mhandisi, bosi wake, mwanamke wa maneno machache, alizoea kumpitia mezani akimtania. "Wewe umeajiriwa hapa au umeposa kule?"

Ikaja amri ya kuhamia mashine mpya, na mashine mpya ikaja na lugha yake ya programu. Kinyota aliihamisha ruwaza herufi kwa herufi. Nyota ni nyota, aliwaza, uitazame kwa dirisha lolote. Akaijaribu kwa ujumbe aliotunga mwenyewe, mkavu kama wa watu wa leo: Maji yamefika alama nyekundu. King'ora kikalia, akaridhika. Skrini ya mashine mpya, tofauti na ya zamani, ilionyesha ujumbe ulionaswa tu; mwingine wote ilijiwekea tumboni.

Kesho yake mchana jua lilikuwa kali mjini na skrini ilikuwa tupu. Simu ya mezani ikalia.

"Mwanangu," ilikuwa sauti ya Mzee wa Lango, "tumekukosea nini?"

"Shikamoo mzee. Kunikosea kivipi?"

"Marahaba. Mama yako amekusalimu jana jioni, kimya. Leo asubuhi, kimya. Sasa hivi, kimya. Nimemwambia, asiyeitikia salamu ama amenuna ama amekufa. Na maiti hapokei simu. Basi umenuna."

"Huo ujumbe wa sasa hivi ulisemaje?"

"Ulisema hujambo."

"Na baada ya hujambo, mzee?"

"Maji yamepita nyekundu, huku mvua inamwagika tangu alfajiri. Lakini tumalize kwanza hili la kununa."

Kinyota alikuwa ameshafika kwenye swichi ya king'ora, mkono wa simu ukining'inia kwenye waya wake. Akabonyeza. Bondeni watu walipanda mlima na magodoro kichwani, wakinung'unika kwamba jua linawaka na ofisi ya maji imerukwa na akili. Dada yake aliwatanguliza wanawe. Mto ukaja nyuma yao, ukachukua kuku, kuta na vyungu. Mtu haukupata.

Maji yalipotulia, aliiwasha mashine ya zamani kando ya mpya, akazipa ujumbe uleule na ruwaza ileile. Ya zamani ikaona. Mpya haikuona. Akaondoa salamu, na mpya nayo ikaona. Lugha ya zamani iliulizwa, "Yumo humu?" ikapekua nyumba nzima hadi uvunguni. Lugha mpya, kwa amri aliyoitumia, ililisikia swali hilohilo hivi: "Ndiye huyu aliyesimama mlangoni?" Na mlangoni alisimama hujambo. Akajaribu lugha ya tatu. Hiyo ilitaka nyumba yote iwe yeye, kizingiti hadi paa; herufi moja ikizidi, inamkana. Hakuna iliyodanganya. Kila moja ilishika sheria yake kwa uaminifu ambao hakuwahi kuuona kwa binadamu.

Mhandisi alisimama nyuma yake. "Alama zilezile?"

"Zilezile."

Akavuta kiti, akakaa. "Rudia."

Akarudia. Wakatazama wawili kama watu wanaotazama kupatwa kwa mwezi.

Dawa ilikuwa kutia nukta na nyota mwanzoni kabisa mwa ruwaza. Bado ikagoma, maana nukta ya lugha ile haivuki mstari, na Mama Lango akimaliza salamu alikuwa na desturi ya kuanza mstari mpya. Akaipa nukta ruhusa ya kuvuka. Kisha akapanda hadi langoni kwenda kuwaeleza.

"Kumbe mashine yenu haikufunzwa adabu," alisema Mama Lango.

"Nimeiwekea kiti mbele, mama. Salamu ikija inakaa hapo, maji yanapita ndani."

"Na siku nisiposalimu?"

"Kiti kinabaki kitupu. Nyota inakubali hata kama hakuna."

Mzee akacheka, akishika goti. "Kina subira kuliko wajukuu zangu."

Baadaye mtoni kilichomekwa kifaa kinachopima na kutuma chenyewe, na wazee wakaambiwa wapumzike. Kifaa hakisalimu. Kiti kimo ndani ya ruwaza mpaka leo, kitupu.

Kinyota alifuatana na lori lililokwenda kuwahamisha. Vyombo vikiwa vimepakiwa, Mzee alichechemea hadi kwenye nguzo, akasoma, ingawa hakuna aliyemtuma. Mkewe akatoa simu, akaandika huku mwandikiwa amesimama kando yake: Hujambo mwanetu? Sisi wazima. Maji yako kwenye kijani.

Wazee wakapanda juu ya magodoro. "Shikamoo mama," Kinyota akamjibu kwa mdomo kutoka chini. "Shikamoo mzee."

Injini ilikuwa imeshawashwa, na lori likaanza kuteremka. Hakusikia kitu, ila aliona midomo yao wote wawili, kule juu ya magodoro, ikitamka marahaba.