Vipimo vya Mabondia

Jana fundi cherehani wa mtaa wa Busanza alinipigia gauni pasi ya mkaa, na ile harufu ya kitambaa chenye unyevu kinachotaka kuungua ilinirudisha utotoni, chini ya meza ya kushonea ya baba, nilikokuwa nikiokota pini.

Baba na rafiki yake, fundi cherehani mwenzake wa mlango wa pili, walibishana kila siku kuhusu mabondia wawili wa uzito wa juu ambao hawakuwahi kukutana ulingoni. Mmoja alistaafu kabla mwingine hajaanza.

"Wangu iko na mkono mrefu, sha! Wako hawezi kumufikia," rafiki yake alisema.

"Lete huo mkono tuupime," baba alimjibu.

Basi kila mmoja alisimama badala ya bondia wake, akapimwa mikono, kifua, kisha utosini hadi kisiginoni. Vipimo waliviandika mezani kwa chaki. Kesho yake walivifuta wakapimana upya, kana kwamba watu wazima bado hurefuka.

Kisha homa ikamlaza rafiki wa baba. Siku ya nne wanaume wa msikitini walikuja kutaka kitambaa cha sanda. Mmoja alishika kamba yenye fundo.

"Urefu wake ni huu," alisema.

Baba hakuitazama. Alikunjua kitambaa cheupe akakata moja kwa moja, bila futi, bila chaki.

Walipoondoka nilimwuliza kama bondia wetu ndiye ameshinda. Aliniambia niokote pini. Hakukuwa na pini hata moja sakafuni.