Walikaa Wimbo Upi?

Mafundi wanapopaka chokaa nyumba za Mji Mkongwe, wapita njia huziba pua. Mimi husimama. Harufu ile kali ya chokaa mbichi hunirudisha kwenye kiwanja cha skuli yetu, asubuhi ya mashindano, wasichana wakubwa wakichora mistari ya netiboli kwa kopo la maziwa lililotobolewa chini. Nikiikumbuka mistari ile, nayakumbuka na magari yaliyokuja kuikanyaga.

Dada yangu Rukia alikuwa nahodha wa timu. Alikuwa mrefu na mkimya, ila akiosha vyombo huimba wimbo wa taifa kwa sauti ya juu, mpaka Mama humwambia apunguze, majirani wasije wakadhani pana mkutano. Nyumba yetu ndivyo ilivyokuwa. Baba aliuza kufuli soko la Darajani, na mlango wetu mwenyewe aliufunga kwa kufuli mbili, kwa sababu ile ya kwanza, alisema, anaijua ilivyotengenezwa. Siasa ikitajwa hufunga dirisha, ndipo aseme kwamba yeye hana la kusema. Ukuta una masikio, alituambia, na ukuta wetu tulishirikiana na Bi Mwanakheri, kwa hivyo hakuwa akitania. Mimi nilikuwa na miaka tisa na tayari nilikuwa nikimshuku kila mtu, hata muuza maziwa.

Ugomvi wenyewe ulikuwa mdogo, au ndivyo wakubwa walivyouona. Kila yakija mashindano, magari ya wageni yaliegeshwa kwenye kiwanja cha netiboli, kwa kuwa ndicho kilichokuwa tambarare na chenye saruji. Wasichana walipelekwa nyuma ya vyoo, penye mawe. Huko ndiko Asha, mfungaji wao, alikoanguka akavunjika mkono. Rukia akaenda kwa Mwalimu Mkuu, akaambiwa jambo lake litaangaliwa. Akarudi tena, akaulizwa ana haraka ya nini.

Ikaja siku ya fainali. Mgeni rasmi akafika, gari lake likaegeshwa katikati ya duara la netiboli, na bendi ya tarumbeta ikajipanga. Kwetu visiwani nyimbo huwa mbili, unapigwa wa Muungano, kisha wa Zanzibar. Bendi ilipoanza, sote tukasimama wima. Rukia na wenzake wakakaa chini. Walikunja miguu kama watoto wa chuo cha Kurani, mikono mapajani, macho mbele. Hawakucheka wala kusema neno. Nyimbo zilipokwisha wakainuka, wakakung'uta vumbi, wakaenda zao maweni kucheza. Waswahili husema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo wa siku ile haukukawia.

Walikuwa wamekubaliana kukaa nyimbo zote mbili, makusudi, ili asitokee mtu akawatafsiri vibaya. Walisahau kuwa Asha ana mkono ndani ya plasta. Hakuweza kukaa kwa haraka, na mpaka ameshikwa na wenzake akateremshwa, wimbo wa kwanza ulikuwa umefika nusu. Nusu ile ikatosha.

Kufika alasiri, Darajani wameshagawanyika. Waliomtazama Asha wakasema wasichana wameukalia wa pili tu, basi wanaipinga serikali ya visiwani. Waliowatazama wengine wakaapa wameanza na wa kwanza, basi hawautaki Muungano. Akatokea mmoja akaitazama mitandio yao, rangi ya skuli tangu kabla hawajazaliwa, akaona chama ndani yake. Habari ya kiwanja sikuisikia kwa mtu.

Bi Mwanakheri hakuchelewa. Alikuja na sahani ya vitumbua iliyofunikwa kawa.

"Nimekuleteeni vitumbua, vya moto," alisema, akakaa bila ya kukaribishwa. "Eti mwanangu Rukia, mlikaa wimbo upi?"

"Zote mbili, Bi Mwanakheri."

"Zote!" Akapunguza sauti. "Basi hapo pana mkubwa."

Akaitazama dari, kana kwamba mkubwa huyo tumemficha kwenye boriti. Nami nikaitazama. Tangu siku ile nikawa mpelelezi. Nilichungulia chini ya kitanda cha Rukia, na nikamfuata mwalimu wao wa michezo mpaka sokoni, kwa sababu alivaa miwani ya jua. Alinunua bamia akarudi kwake. Hata bamia zile nilizishuku.

Hata nyumbani kwetu swali lilikuwa hilo hilo. Baba alifunga dirisha, akamkalisha Rukia mkekani. "Usinfiche, mwanangu. Nani kakutumeni?" Rukia akajibu kuwa hapana mtu. Baba akatikisa kichwa polepole, kama anavyofanya mteja anapomwambia kufuli imejifungua yenyewe.

Baada ya siku chache wazazi wakaitwa skuli. Rukia alikuwa ameshachaguliwa katika timu ya Unguja itakayokwenda kucheza bara, safari aliyoiota tangu anajifunza kurusha mpira, na sharti lilikuwa moja: amtaje aliyewatuma au jina lake litolewe. Mama alikuwa na homa, kwa hivyo Baba alikwenda nami. Ofisini walikuwapo Mwalimu Mkuu, mzee wa kamati ya skuli, na bwana mmoja mwenye suti ya kaunda ambaye hatukutambulishwa.

"Hebu sema, mwanangu," mzee wa kamati alimwambia Rukia kwa upole. "Hutopigwa. Nani kakutumeni?"

"Hapana mtu. Tunataka kiwanja chetu."

Yule bwana wa suti akatabasamu. "Maneno hayo kafundishwa."

"Sikufundishwa! Kwani siye hatuna vichwa?"

Mwalimu Mkuu akashusha pumzi na kusema kwamba basi hana la kufanya. Baba akauachia mkono wangu. Akasimama.

"Mimi," alisema Baba. "Mimi ndiye nlomtuma. Yeye kawaambia wenzake. Mwacheni mtoto."

Mtu aliyekuwa akifunga dirisha kabla ya kusema hana la kusema! Nilitaka kumpigia makofi. Wale watatu wakaegemea viti vyao kama watu waliotua mzigo. Rukia akasema, "Baba, usiseme hivyo," Baba akamwambia anyamaze, na hapo Rukia akalia. Wakadhani anajuta.

Akaenda bara, akacheza, akarudi na kikombe. Baba akabaki na jina la mchochezi. Akiitwa huku na kule kuhojiwa, na akipita barazani wenzake humaliza kahawa zao upesi. Hakulalamika. Rukia naye kwa muda mrefu alimsemesha ya lazima tu: chakula tayari, maji yako bafuni. Mimi nilikasirika, nikamwambia shukrani ya punda ni mateke. Akaendelea kufagia.

Nilikuwa mtu mzima niliposubutu kumuuliza sababu. Alikuwa ameshaolewa Chukwani, anakuna nazi. "Baba alipotoka pale ofisini," alinijibu, "kuna mtu aliyeuliza tena habari ya kiwanja?" Nilifikiri sana, sikumpata hata mmoja. Nikajua kosa letu, kumwokoa yeye na kukisahau kiwanja, nikadhani nimeshajua yote.

Halafu Baba akaugua. Alasiri moja tulikuwa naye chumbani, mimi na Rukia, naye alikuwa na nafuu na ana hamu ya mazungumzo. Akamshika Rukia mkono.

"Sasa nshakuwa mzee, hapana wa kunifunga," alisema. "Hebu n'ambie mwanangu. Hasa hasa, nani alokutumeni?"

Miaka yote ile tulidhani alidanganya ili kumlinda binti aliyemwamini. Kumbe alijitia motoni kwa ajili yake bila ya kumwamini hata kidogo, sawasawa na yule bwana wa suti.

"Hapana mtu, Baba," alisema Rukia.

Baba akatabasamu, akampapasa kiganja. "Haya. Umeiweka vizuri siri ya mwenzio. Nami sitokuuliza tena."

Rukia akamvutia shuka miguuni, akamuuliza kama anataka chai.