Yusta na Samaki wa Bwawa la Nyamsele

Besi si samaki wa Mufindi. Waliletwa na wazungu wa mashamba ya chai zamani hizo, wakamwagwa kwenye mabwawa ili wenye mashamba wapate cha kuvua siku za mapumziko. Wazungu wakaondoka, besi wakabaki. Ni samaki mwenye mdomo mpana na tamaa nyingi. Hula vyura, hula dagaa wa bwawani, hula hata watoto wake mwenyewe. Katika kijiji cha Itulo, aliyewajua samaki hao kuliko mtu yeyote alikuwa mwanamke, Yusta binti Aroni.

Baba yake, mzee Aroni, ndiye aliyekuwa akiwapigia wazungu makasia katika bwawa la Nyamsele. Hakuwa na mtoto wa kiume aliyependa maji, basi alichojua akamwachia binti. Yusta alichuma chai miaka ishirini na miwili mpaka mgongo ukakataa. Baada ya hapo aliishi kwa mambo mawili: kinyungu chake, yaani bustani ya bondeni chini ya bwawa, alikopanda mahindi ya kuchoma na viazi, na ufito wa mwanzi wenye mshipi na ndoano.

Watu walidhani ana dawa. Hakuwa nayo. Alikuwa akitazama mbingu. Mvua ikiwa inakuja, mawingu yamekaa chini na hewa imekuwa nzito hata moshi wa jikoni unatambaa badala ya kupanda, besi hutoka mafichoni na kula kama wageni wa harusi. Manyunyu yakiendelea, bado wanakula, kwa kuwa uso wa maji unavurugika na kivuli cha mvuvi hakionekani. Mvua kubwa ikishusha tope kutoka mashambani, mvuvi asihangaike katikati ya bwawa. Aende pale kijito kinapoingilia, kwenye mpaka wa maji mekundu na maji meupe, maana besi hujipanga upande wa maji meupe wakisubiri minyoo inayosombwa. Lakini mvua ikipita, mbingu ikatakata na baridi ikashika, ni heri kwenda kupalilia. Siku hiyo besi hulala kwenye majani ya chini, hata umpitishie chura puani hageuki.

Siku ya namna hiyo ndiyo iliyomkutanisha na Aamir. Aamir alikuwa na duka la vipuri vya magari Iringa mjini, duka la babu yake, na ugonjwa wake ulikuwa uvuvi. Alikuja Jumamosi moja yenye jua kali la baada ya mvua, ana fimbo ya kisasa na sanduku zima la samaki wa plastiki wa kila rangi. Akarusha tangu asubuhi hadi adhuhuri, patupu. Yusta alipita na jembe begani, akamwambia arudi nyumbani, aje siku mbingu ikikaa chini. Aamir alicheka, lakini wiki mbili baadaye alirudi siku ya mawingu, akapata saba. Tangu hapo, kwa miaka sita, alikuwa akimpigia simu kabla ya kuwasha gari. Alijifunza kumwamkia "Kamwene" kama Wahehe, akamwita mama. Simu yake ilikuwa na programu ya hali ya hewa. Yusta alikuwa na moshi wa jikoni kwake. Mara nyingi vilikubaliana. Visipokubaliana, Aamir alikuwa ameshajua afuate kipi.

Ukaja mwaka ule wa mvua za El Nino. Hazikuwa mvua za kunyesha na kupumzika. Zilianza Novemba, na kufika Februari ardhi ilikuwa imeshiba, ukikanyaga shambani mguu unazama mpaka kwenye kifundo. Bwawa zima likawa jekundu. Ile mipaka ya maji mawili ikapotea, na besi wakapotea nayo.

Jumamosi moja mvua ilikatika kidogo, Aamir akaja. Walijaribu kwenye kijito, wakajaribu kwenye matete, hola. Yusta akahamia kwenye tuta, ukuta wa udongo unaozuia bwawa, mahali ambapo katika maisha yake yote hakuwahi kupata samaki. Hapo akatoa watatu mfululizo, wote kwenye pembe moja.

Mwingine angefurahi. Yeye aliweka ufito chini akatazama. Majani makavu yaliyoelea pale hayakuwa yakienda na upepo. Yalikuwa yakizunguka polepole, kisha yanavutwa chini, na dagaa wanavutwa nayo. Besi walikuwa wamelifuata hilo: chakula kilikuwa kikiletwa mdomoni. Maji yalikuwa na njia ya kutokea.

Alishuka nyuma ya tuta, Aamir akimfuata. Huko, kwenye nyasi, palikuwa na kijichemchemi kilichovuja tangu enzi za baba yake, maji meupe kama ya kunywa. Mzee Aroni alizoea kusema bwawa likitoa maji meupe linatoka jasho tu, lakini likitoa tope linaliwa. Siku hiyo kijichemchemi kilikuwa kimenenepa kama paja la mtu, na kilichotoka kilikuwa tope tupu lenye mchanga.

Walikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, Timotheo. Hakuwa mtu mbaya, wala mvivu. Alikuja akaona, akasema bwawa limesimama tangu hajazaliwa, na wakilimwaga, vinyungu vya kaya themanini vitakosa maji kiangazi. Alitaka kusubiri kikao cha kamati siku ya Jumatatu. Aamir alikuwa amekwisha kurekodi video na kumtumia Rabson, rafiki yake wa Mbeya, fundi aliyejenga mabwawa mengi ya wakulima wa mpunga kule Chimala. Rabson hakuandika jibu, alipiga. Aamir akaweka sauti juu ili mwenyekiti asikie.

"Hayo maji yanabeba udongo," Rabson alisema. "Fungueni koki ya chini sasa hivi, na watu wa bondeni watoke. Msisubiri mimi."

Timotheo alimtazama Yusta. "Mama, na kama tunalimwaga bure?"

"Kinyungu changu ndicho cha kwanza chini ya tuta," Yusta alijibu. "Nami nasema lifunguliwe."

Koki hiyo, ya bomba la kutolea maji chini ya tuta, ilikuwa haijaguswa miaka mingi, kutu imeifunga. Hapo ndipo duka la vipuri lilipofaa: Aamir alitoa garini oili, grisi na spana ya bomba, akavua viatu, akaingia kwenye shimo la koki pamoja na wanaume wanne. Iliwachukua saa mbili kuizungusha. Yusta wakati huo alikuwa bondeni, nyumba kwa nyumba, akiwaambia watu wapande kanisani kwenye kilima. Wengine walibishana naye. Mzee mmoja, Adrian, alisema haondoki kwenye viazi vyake kwa sababu ya maneno ya mvuvi. Wanawe walimbeba.

Hadi asubuhi ya Jumapili maji yalikuwa yameshuka zaidi ya kimo cha mtu. Saa nne hivi, watu wakiwa kwenye ibada, walisikia sauti kama ya lori linalomwaga kokoto. Sehemu ya tuta ilikuwa imeondoka. Maji yaliyobaki yalipita bondeni, yakabeba vinyungu vyote vya karibu, mbuzi wawili na jiko la nje la Yusta. Mtu hakuguswa. Rabson alipofika kesho yake alipima alama ya maji ya zamani kwa macho, akasema tu kwamba kama bwawa lingekuwa limejaa, hata nyumba za kando ya barabara zisingebaki.

Besi walibaki kwenye madimbwi ya tope, migongo nje. Watu wakawaokota kwa ndoo na masufuria, na siku mbili kijiji kizima kilinuka samaki. Yusta hakuokota hata mmoja. Alikaa kwenye kipande cha tuta kilichosalia akatazama, na Aamir alipomwuliza kama anaumwa, alisema amechoka.

Si wote waliomshukuru. Adrian na wengine walisema koki ndiyo iliyolegeza tuta, kwamba kama lisingeguswa lingestahimili kama miaka yote. Hakuna wa kuwaonyesha vinginevyo, kwa kuwa kilichozuiwa hakionekani. Adrian aliacha kumwamkia. Yusta, ambaye hakuwa na kinyungu tena wala bwawa, alikwenda Mbeya kukaa kwa mwanawe Jailos na mkewe Lusekelo, kule Ilomba. Huko alilea wajukuu mwaka mzima. Lusekelo anasimulia kwamba siku za mawingu mazito mkwewe alikuwa akisimama mlangoni kwa muda mrefu, na ukimwuliza anatazama nini, anasema kwamba leo besi wangekula.

Tuta lilijengwa upya mwaka jana, bwawa likajaa kwa masika. Kamati ikamwita arudi, ikamwuliza jambo moja. Aamir alikuwa tayari kuleta besi wachanga kutoka bwawa la shamba moja la chai. Kijiji nacho kilitaka kupandikiza perege, chakula cha watu. Je, wote wawili wangeweza kukaa pamoja? Aamir alikuwepo kikaoni, ametulia, akiwa na hakika ya jibu.

Yusta alisema besi wangewamaliza perege kabla hawajataga mara mbili. Wekeni perege, alisema. Aamir aliinamisha kichwa, kisha akacheka kidogo, akasema yeye atatafuta maji mengine.

Sasa Yusta anavua perege kwa donge la ugali. Anakiri kwamba bado hajawaelewa. Mawingu yakishuka, ambapo besi wangekuja mbio, perege wanamsusia. Jua likiwaka, siku ambayo zamani angekwenda kupalilia, wanamzunguka miguuni. Ana miaka sitini na moja na anaanza upya, siku nyingine anarudi na mmoja, siku nyingine bila kitu. Kila Jumatatu, kwa kazi aliyopewa na kamati, anashuka nyuma ya tuta na kutazama rangi ya maji.