Shingo Iliyosifiwa

Hata leo harufu ya siki na ndimu zilizoanikwa ikinipitia, mate hunijaa na mkono huenda wenyewe chini ya taya, upande wa kushoto, kupapasa. Hakuna kitu pale siku hizi. Napapasa vivyo hivyo.

Nilikuwa na miaka tisa, kwetu Kibokoni, mlango wetu ukitazamana na wa Bi Tima. Kila Ijumaa alituletea achari ya ndimu, na mama humrudishia sahani na vitumbua, maana sahani ya jirani hairudi tupu. Ijumaa moja mama alikuwa akinisuka barazani, Bi Tima akanitazama, akasema, "Mwaiona shingo ya mtoto huyu ilivyo ndefu? Yataka mkufu." Akaenda zake. Mashaallah, ya kukinga jicho baya, hakuitaja.

"Umemsikia?" nyanya alimuuliza mama. Nyanya hakuwa mtu wa kupitwa na neno.

Mchana ule nilikula wali kwa achari, na kabla sijamaliza, uvimbe wa kiasi cha ndimu ulinitoka chini ya taya, ukauma mpaka sikioni. Baada ya saa moja ukanywea. Mama alidhani ni perema, yaani matubwitubwi. Lakini perema haiji na chakula ikaondoka baada ya saa moja, na uvimbe huu ulirudi Ijumaa iliyofuata, na ya pili yake, achari ile ile ikiwa mkekani. Nyanya alinikanda kwa chumvi ya moto, akaniandikishia kombe, aya zilizoandikwa sahanini kwa zafarani zikaoshwa kwa maji, nikalinywa, kisha akakata shauri.

"Ni mato ya Tima haya, ni jicho lake. Chakula chake kisiingie tena."

Achari ikakoma. Uvimbe nao, kwa walivyoona wakubwa, ukakoma. Ushahidi gani tena? Sahani ya mwisho ilirudi tupu, na mimi ndiye niliyetumwa nayo. Bi Tima aliigeuza juu chini, akaitazama, akanishukuru.

Sasa niwaambie nililowaficha wao. Nikitoka madrasa, kule Kuze, nilikuwa nikinunua maembe mabichi ya chumvi na pilipili, niliyokatazwa, na kila nikiyala uvimbe ulikuja vile vile. Nilijitanda mtandio mpaka kidevuni nikazunguka vichochoro hadi unywee. Kwa hiyo nilijua kwamba Bi Tima hana kosa. Nilinyamaza kwa kuogopa kofi. Ajabu ni kwamba, kwa kusikia maneno ya nyanya kila siku, hata mimi nilianza kumkimbia nikimwona.

Kisha homa ikanishika na uvimbe ukakataa kunywea. Baba akatupeleka, mimi na mama, kwa daktari wa koo na masikio, mwanamke wa makamo asiye na maneno mengi. Alivaa glavu, akanipitisha kidole chini ya ulimi.

"Huvimba akila nini?"

"Achari," mama alijibu.

"Achari tu?" Daktari alinitazama mimi.

"Na maembe," nikasema, macho kwenye viatu vyangu.

Mama alinigeukia polepole. Daktari alieleza kwamba kijiwe kidogo, mfano wa punje ya mchele, kimeziba mfereji wa mate. Nikila kitu kichachu mate huja kwa wingi, yakakosa pa kutokea, na tezi ikavimba. Alinipa dawa, na homa ilipokwisha akanipiga ganzi akakitoa.

Bi Tima alikuwa ameshahamia Tudor kwa mwanawe. Mama alisema tutakwenda kumtaka radhi, na hatukwenda. Nyanya yeye hakushindwa. "Na hicho kijiwe," aliuliza, "nani alikitia?"

Mwaka jana nilikwenda mwenyewe, na mwanangu mchanga mkononi. Nilimweleza Bi Tima yote, kijiwe na maembe. Alinisikiliza ameinamisha uso.

"Maneno ya nyanyako yalinifikia, nami nalidhani ni kweli," akasema. "Tangu hapo mtoto wa mtu simtazami. Hata wajukuu zangu, wakiletwa hutazama kando."

Nililia mbele yake bila haya. Miaka yote nilidhani kosa langu lilikuwa uwongo mdogo wa mtoto mlafi, na shuku yetu imeishia mlangoni kwetu. Nilikuwa nimemwacha mtu akiyaogopa macho yake mwenyewe.

Nilimpakatisha mtoto. Alikaa naye kitambo, macho yakiwa ukutani.

"Nimtazame?" akaniuliza.