Mvua Waliyosema Nimeifungia Kwenye Kamera

Utotoni mwangu kule Kakuma, mvua ilikuwa na wadudu wake. Ikinyesha alfajiri, jua likichomoza unawaona juu ya mchanga wa laga, mto wetu mkavu unaopata maji siku za mvua tu: wekundu kupindukia, wadogo kama punje ya mtama, wamevaa manyoya laini kama mahameli. Jua likikaza wanajizika tena, na huwaoni mpaka mvua nyingine, ambayo kwetu hakuna ajuaye itakuja lini. Ata, ndivyo tunavyomwita bibi kwa Kiturkana, alinifundisha sheria yao mapema. Waangalie, alisema, lakini usiwafungie. Anayemtia mdudu wa mvua kwenye mkebe ameifungia mvua yenyewe.

Nami sikuwahi kumfungia hata mmoja. Naomba hilo lieleweke tangu sasa, maana ndilo linalonichoma mpaka leo.

Nilichokuwa nacho ni macho tu. Nililala kifudifudi mchangani mpaka gauni likalowa, nikimtazama mdudu mmoja akinyoosha miguu ya mbele, akipapasa hewa, akiparamia kijiti, akianguka, akiparamia tena. Watoto wenzangu walinicheka. "Nawoi, umepotezea mbuzi huko chini?" Sikuwajibu. Nani ana wakati wa kujibu watu wakati mdudu anatembea?

Mtu mzima aliyenielewa alikuwa mmoja, Papa Furaha, Mkongomani mwenye studio ya picha upande wa kambi ya wakimbizi. Studio yenyewe ilikuwa chumba cha mabati na pazia lililochorwa maporomoko ya maji, ambapo watu walisimama wakipigwa picha siku za ubatizo na harusi. Mimi nilikuwa nikimpelekea maziwa ya mbuzi. Siku moja alinikuta nimechutama mlangoni kwake, namtazama sisimizi akiburuta bawa la nzige. Hakunifukuza. Akaja na kamera yake, ndogo ya kuingia mfukoni, akanionyesha kitufe chenye alama ya ua, cha kupigia vitu vidogo kwa karibu.

"Huyu mutoto anaonaka bintu byenye bakubwa habaone," akamwambia mkewe. Kisha akanigeukia. "Mvua ikinyesha, kuja uchukue."

Hakuwa na kamera nyingine. Watoto wake walikula kwa hiyo hiyo.

Mvua ilinyesha, na mtu yule akatimiza neno lake. Niliporudi nyumbani nilikuwa nakimbia. Mdudu alikuwa amejaa kioo kizima, unaona unywele mmoja mmoja, unaona tone la maji lililonasa mgongoni. Ata alisogeza kamera mbali na macho, akairudisha karibu, halafu akaangua kicheko. "Aa! Kumbe ana nywele kama za kitoto kichanga!" Alifurahi kuliko mimi. Aliwaita na majirani waje waone.

Baada ya hapo mvua haikurudi. Malisho yakakauka, mbuzi wakaanza kulala chini na kukataa kuamka. Baba alikuwa amefariki na Mama alikuwa Lodwar akiuza vikapu, kwa hiyo neno la Ekal, kaka mkubwa wa baba, ndilo lilikuwa neno la boma. Akaja asubuhi moja na wanaume wengine wa ukoo. Kwa bahati mbaya siku hiyo nilikuwa nimeazima kamera tena, nipige yule mdudu anayeviringisha mavi ya ngamia.

"Mdudu wa mvua yumo ndani ya hicho kisanduku au hayumo?" akaniuliza.

"Ni picha, baba mkubwa."

"Sikukuuliza kama ni picha. Yumo au hayumo?"

Nikaiwasha ili waone wenyewe kwamba ni picha tu. Mdudu akatokea, mwekundu, mzima. Wanaume wakaruka nyuma. "Si huyo!"

Nilimgeukia Ata. Alikuwa ameketi mlangoni, na alijua. Yeye ndiye mwenye ile sheria, yeye ndiye aliyecheka na kuwaita majirani. Neno lake moja lingetosha. Aliinamisha kichwa, akatazama mchanga.

Baba mkubwa aliiweka kamera juu ya jiwe, akaipiga kwa jiwe jingine mpaka kioo kikasagika. Halafu, ebo, wanaume wazima na ndevu zao wakainua nyuso juu, wakangoja! Mbingu zilikuwa nyeupe kwa ukame. Sijui walidhani mvua itatoka humo kwa fujo kama mbuzi zizini. Halikudondoka hata tone, si siku hiyo wala mwezi huo, na hakuna aliyefungua kinywa kusema kwamba labda tumekosea.

Kesho yake Papa Furaha alikuja. Alimwamkia Ata, "Ejok," kwa lugha yetu, kama alivyozoea. Hakuna aliyemletea kigoda. Alikusanya vipande vya kamera kwenye kitambaa, akapiga magoti akitafuta hata vile vidogo. "Mukimbizi atashitaki kwa nani?" alisema, si kwa hasira, na hilo ndilo lililonikasirisha zaidi. Baadaye nikawa namwona sokoni akisukuma mizigo ya watu kwa toroli. Mwishowe familia yao ikahama, na sikupata wa kunieleza walikokwenda.

Mvua iliporudi, walikuja wageni na kamera ndefu kama mkono wa mtu. Walitaka hao hao wadudu wekundu. Na nani aliwapeleka lagani? Ekal! Aliwashikia na mwavuli wasichomwe na jua. Nikamuuliza mbele za watu, "Na hawa hawaifungii mvua?"

"Hao ni wageni."

"Kwani Papa Furaha alikuwa mwenyeji?"

Nikaambulia kofi.

Sasa naishi Lodwar, na simu yangu imejaa mende, nge, panzi na buibui kuliko picha za jamaa zangu. Juzijuzi, kwenye harusi, baba mkubwa alilisimulia jambo lile kama kichekesho, akaiga hata sauti yangu. Watu walishika mbavu. Alipoona sicheki akaniambia, "Mavi ya kale hayanuki, mwanangu." Nikamjibu palepale, yananuka, baba mkubwa, tena sana.

Lakini aliyeniuma kweli ni Ata. Msimu uliopita nilikwenda Kakuma nikamuuliza, baada ya miaka yote hiyo, kwa nini alininyamazia.

"Kwanza haikuwa kamera waliyoitaka," akasema. "Walikuwa waje kukuchukua wewe. Walikuwa wamekubaliana uondolewe bomani, upewe mzee mmoja wa Lokori mwenye ng'ombe. Mimi ndiye niliyewaendea usiku wa kuamkia siku ile nikawaambia, aliyefunga mvua ni kisanduku, si mtoto. Kavunjeni kisanduku."

Wakati ule sikuwa nimemaliza hata darasa la tano.

Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kupiga kelele. "Na Papa Furaha, Ata?"

"Papa Furaha hakuwa na ndugu wa kuja kupigana nao," alisema. "Ndiyo maana walikubali haraka."

Hakulia wala hakujitetea. Hasira niliyomwekea tangu utotoni ilikwisha palepale, na sikupata nafuu yoyote. Nimesoma, nimeolewa na mtu niliyemtaka mwenyewe, binti zangu wanacheza uani bila kuogopa mtu. Yote hayo yalilipwa na mwanaume aliyepiga magoti kwenye mchanga wetu akiokota vipande, na katika boma zima hakuna aliyemwambia hata pole.